Vidole Vilipokataa Kubonyeza

Kama unasoma haya ukiwa umekaa pembeni ya kitanda cha mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anatembea na leo hawezi kushika kijiko, nakuandikia wewe. Na kama aliyelala ni wewe mwenyewe, na simu umeshikiwa na mtu mwingine, mwambie asiwe na haraka ya kushusha maandishi. Najua inavyokera mtu akishusha kabla hujafika mwisho wa mstari, halafu huna mkono wa kumrudisha.

Naitwa Kassim, nina miaka arobaini na moja. Mie ni mtu wa Kunduchi kwa kuzaliwa, lakini nyumba yangu iko Bunju, na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Bunju ni pazuri kwa kazi hiyo, maana kila ukiamka kuna mtu mpya kamwaga kokoto. Niliugua mwishoni mwa masika, na sikutoka kwenye kiti cha magurudumu mpaka masika ya mwaka uliofuata yalipokwisha. Sasa natembea kwa fimbo. Ncha za vidole bado zina ganzi, chai ya moto naipima kwa mdomo. Jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi sitaeleza. Daktari alinieleza mara tatu na sikuelewa.

Ilianza na tumbo. Nilihara siku tatu, likapita, nikasahau. Wiki moja baadaye nilikuwa kiwanjani napima, mteja akaniambia, "Fundi, ndala yako ile kule." Nikageuka. Kweli, ndala ya kushoto ilibaki hatua sita nyuma na mguu wangu haukuwa na habari. Tukacheka wote wawili. Jioni nyayo zikawa na ganzi, kama mtu aliyekalia miguu muda mrefu. Kesho yake ganzi ikapanda magotini. Keshokutwa nikawa natembea kwa kushika ukuta, na mke wangu, Mwanaidi, akasema hapa hakuna cha kungoja.

Hospitali tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Mnaijua ile hali: kila mlango ukifunguka, shingo zote zinageuka. Ilipofika saa tano nesi akatoka na faili.

"Kassim! Kassim yupo?"

Nikasema nipo. Nikaiambia miguu inyanyuke. Haikunyanyuka. Nikajaribu tena, kama mtu anayewasha gari lililokufa betri. Nesi akaangalia huku na huku, akachukua faili linalofuata. Mwanaidi ndiye aliyepiga kelele, "Yupo! Yupo hapa, hawezi kusimama!"

Hilo neno, hawezi, nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nikaja kulisikia karibu mwaka mzima.

Usiku ule ule mikono ikafuata miguu, na kabla ya wiki kwisha kifua nacho kikachoka. Nilikaa ICU siku kumi na sita nikipumuliwa na mashine, mpira umepita kooni, sisemi, sigeuki. Kope tu ndizo zilikuwa zangu. Watu wakadhani aliyenyamaza hasikii. Madaktari wawili walibishana juu ya kifua changu kama watu wanaojadili pampu ya maji. Niliwekewa dripu ya dawa chupa baada ya chupa, siku tano, na wauguzi wakawa wanautaja ugonjwa kwa herufi: GBS. Kulikuwa na nesi mmoja wa zamu ya mchana ambaye kila akiingia ananiambia, "Kaka Kassim, leo Jumatano, saa nane mchana, nje kuna jua." Basi. Hakuna alichonifanyia kikubwa kuliko hicho. Kwa siku kumi na sita dunia yangu ilikuwa dari lenye vigae arobaini na nane, na yule dada alikuwa dirisha. Ukimwuguza mtu wa namna hii, mwambie saa ngapi. Mwambie kama mvua inanyesha.

Nilirudi nyumbani kabla ya mvua za vuli, baada ya wiki nyingi wodini. Nilikuwa nimepungua mpaka pete ilikuwa inacheza kidoleni. Mabega yalishaanza kurudi, viwiko kidogo. Mtu wa mazoezi alinieleza kwamba ugonjwa huu huondoka kwa kuanzia katikati ya mwili kwenda nje, kwa hiyo vidole na nyayo ndivyo vya mwisho. Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja, vimelala kama vya mtoto aliyesinzia. Ungeweza kuvifungua kimoja kimoja na visijue.

Mwanaidi alinisukuma kutoka sebuleni kwenda chooni, siku ya kwanza ile ile. Kiti kikagonga fremu. Akarudi nyuma, akanyoosha, kikagonga tena.

"Hakipiti," akasema.

Nilijua hakipiti hata kabla hajasema. Mlango wa choo chetu una sentimita sabini. Ukitoa fremu, zinabaki sitini na mbili. Kiti kina sitini na tano. Nilijua kwa sababu niliuchora mie. Nimechora milango ya choo ya sabini kwenye nyumba nyingi mno, kwa kuwa kila mteja anataka sebule kubwa, na choo ndicho kinachopunguzwa.

Basi haja zangu zikawa chumbani, kwa chombo na ndoo, mlango wazi ili hewa ipite, pazia tu katikati. Wageni wakija kunipa pole wanakaa upande wa pili wa pazia.

Mwanaidi ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipewa ruhusa mpaka shule zifunguliwe Januari. Miezi ile yeye alikuwa mikono yangu. Alininyoa, alinilisha, alinipangusa, alinigeuza kila baada ya saa mbili nisitoke vidonda. Na mie, badala ya kumshukuru, nikataka kufanya kazi.

Kompyuta yangu ilikuwa pale pale kwenye meza ya pembeni ya kitanda. Ni mashine ya zamani, na miaka mingi nimeiendesha kwa mfumo wa Linux, tangu virusi vilipokula michoro yangu yote kwenye mfumo ule mwingine. Nilikuwa na wateja wawili wanaoningoja. Lakini ukweli ni kwamba hata bila wateja ningetaka. Nilikuwa nimechoka kuwa kitu kinachogeuzwa.

Bega langu la kulia lilikuwa na nguvu ya kusukuma mausi mezani. Mwanaidi alinifunga kiganja juu yake kwa bendeji. Nikasukuma, mshale ukatembea kwenye kioo, nikafurahi sana. Kisha nikafika kwenye alama ninayoitaka, nikakiambia kidole kibonyeze. Kikalala.

Ikabidi yeye abonyeze, kidole chake juu ya kidole changu.

"Ngoja nipeleke kulia. Kidogo. Hapo. Bonyeza."

Akabonyeza. Mkono ukatikisika, ukuta ukaenda upogo.

"Umesogeza."

"Sijasogeza."

"Futa. Bonyeza ile ya kufuta. Hapana, siyo hiyo. Mara mbili."

"Hukusema mara mbili."

"Nimesema sasa."

Siku ya kwanza tulichora chumba kimoja. Siku ya pili nusu. Siku ya tatu nilisema "bonyeza" mara ambazo sikuzihesabu, na kila mara sauti yangu ilipanda kidogo. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa unaangalia kioo bila kukiona. Kisha akaondoa kidole, taratibu, akakiweka mapajani.

"Mie siyo kitufe, Kassim."

Akainuka akaenda jikoni. Nikabaki nimekielekea kioo, mkono umefungwa kwenye mausi, na kiti kimefungwa breki. Sikuweza kugeuka kumwangalia. Nilisikia sufuria zinavyooshwa kwa nguvu. Baada ya muda akarudi, akakaa kitandani nyuma yangu, mahali nisipomwona.

"Tangu Juni," akasema, "kila mtu mzima ninayeongea naye ananiambia inua, geuza, futa, bonyeza. Hakuna hata mmoja aliyeniambia Mwanaidi, umekula?"

Nikamwuliza kama amekula. Akasema, "Si unaona." Hatukuigusa tena ile mashine mpaka shule zilipofunguliwa.

Januari akarudi kufundisha, na wa kukaa na mie akawa baba yake.

Hapa nieleze kidogo. Wakwe zangu ni Waarabu wa Boko, watu wa duka tangu enzi za babu zao. Sasa wanauza vifaa vya ujenzi. Baba yake Mwanaidi, Mzee Nassor, alinikubali shingo upande. Kwake kazi ni kitu unachokibeba mtu akakiona: nondo, mabati, mfuko wa saruji. Kuchora mistari kwenye kioo alikuwa anaiita "ile shughuli yako." Watoto wake wa kiume walishashika duka, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na nafasi. Alikuwa anafika asubuhi na redio yake ndogo, anaweka stesheni ya mpira, na mpaka adhuhuri anabishana na wachambuzi.

"Huyu hajui kitu. Beki gani anapanda vile? Kassim, wewe unaonaje?"

Sikuwa naona chochote. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: nikibanwa na haja, ni yeye. Anayejua haya iliyopo baina ya mtu na mkwewe hahitaji maelezo. Nikaacha kunywa maji asubuhi. Midomo ikanipasuka. Nilikuwa nabana tangu Mwanaidi anapotoka mpaka anaporudi saa tisa, na mzee akawa ananiuliza kila saa, "Vipi, unataka kitu?" na mie najibu, "Hapana, Baba, niko sawa." Redio inaongea, feni inazunguka, mlango wa choo upo hatua nne kutoka kitini. Nilikuwa nauona kutwa nzima.

Ni katika kukaa huko ndipo nikakumbuka. Zamani, kabla sijajitegemea, nilifanya kazi na dada mmoja anayetumia mkono wa kushoto, na nikambadilishia vitufe vya mausi yake kwa amri moja tu ya kuandika. Amri ile ilikuwa bado imo kichwani. Swali lilikuwa nani ataiandika. Mwanaidi nisingemwomba kitu chochote kinachohusu ile mashine. Akabaki mmoja.

"Baba," nikasema, "naomba upunguze redio."

Akapunguza.

"Kwenye hiyo droo kuna mausi nyingine, ya zamani, nyeusi. Naomba uichomeke hapo nyuma."

"Mbili za nini, na vidole vyenyewe havifanyi kazi?"

"Ndio maana ziwe mbili."

Nikamweleza. Mashine inavijua vitufe kwa namba: cha kushoto ni moja, gurudumu la katikati ni mbili, cha kulia ni tatu. Namba hizo si za kudumu, unaweza kuziandika upya. Nilitaka mausi ya kulia isukume tu, vitufe vyake vyote vife, maana vidole vyangu vilikuwa vinaidondokea hovyo. Na ile ya kushoto isitembee kabisa, ibonyeze tu, na popote nitakapoudondoshea mkono, iwe moja.

Mzee akafikiri. "Yaani ya kushoto, ugonge kulia, ugonge katikati, ni moja."

"Moja."

"Na ya kulia ni sifuri."

"Sifuri tatu."

"Sawa. Niandike wapi?"

Alivaa miwani, akavuta kiti. Nikamwelekeza mpaka akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaanza kumtajia, zote herufi ndogo: eksi, i, n, p, u, t.

"Herufi ndogo hazipo hapa," akasema. Kwenye kibodi zote ni kubwa.

"Ukibonyeza hiyo kubwa, itatoka ndogo."

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha. Akabonyeza, akainua kichwa kuangalia kioo, akatikisa kichwa, akarudi chini kutafuta inayofuata. Anasoma Kiarabu kama maji, lakini kibodi ilikuwa mara yake ya kwanza. Kila herufi aliisaka kwa kidole kimoja hewani, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye karatasi la matokeo.

"Sasa ruka nafasi."

"Nafasi iko wapi?"

"Ule ubao mrefu wa chini. Halafu set. Halafu kistari."

"Kistari kipi? Hii ya kutoa?"

"Hiyo hiyo ya kutoa."

Tulipomaliza alibonyeza kitufe kikubwa cha kukubali. Mashine ikajibu mstari mmoja wa Kiingereza.

"Imesemaje?"

"Imesema hakuna amri kama hiyo."

"Iambie ipo."

Alikuwa amegeuza herufi mbili. Tukarudia. Mara ya tatu ikakaa sawasawa, na hivi ndivyo ilivyokuwa kwenye kioo:

xinput set-button-map 11 1 1 1

Kumi na moja ndiyo namba ambayo mashine iliipa ile mausi nyeusi. Kisha tukaandika ya pili, 10, na sifuri zake tatu. Safari hii mashine haikujibu kitu. Mzee akadhani imekataa tena. Nikamwambia ikinyamaza ndio imekubali.

Akakata plasta kwenye boksi la dawa zangu, akaifunika ile taa nyekundu ya chini ya mausi nyeusi ili mshale usirukeruke, kisha akaibandika mezani chini ya mkono wangu wa kushoto. Nikasukuma kwa kulia. Nikaunyanyua mkono wa kushoto kwa bega, nikauachia. Ukaanguka kama gogo.

Tik.

Nikasukuma tena, nikaudondosha tena. Ukuta ukachorwa, mita tatu na nusu, umenyooka.

Mzee Nassor akausogelea ule mstari mpaka miwani ikakaribia kioo. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Chora mwingine."

Mwanaidi aliporudi alikuta nusu ya chumba. Akauliza nani kaandika kwenye dirisha jeusi. Nikamwambia baba yako. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Sikuwa nimemwona akicheka tangu kabla ya ndala.

Lakini amri zile mashine haikuwa inazikumbuka. Kila ikizimwa na kuwashwa, namba zinarudi za asili. Mzee alizinakili kwenye kipande cha boksi akakibandika ukutani, na kila asubuhi, kabla ya redio, anaziandika. Kiangazi chote tulienda hivyo. Mtu wa mazoezi alikuwa anakuja mara mbili kwa wiki kuninyoosha vidole, ninalia, anaondoka, narudi mezani. Kwa kibodi ya kwenye kioo nikaanza kuandika ujumbe kwa wateja mwenyewe, herufi moja kila nikidondosha mkono. Ramadhani nilikuwa sifungi, na niliona aibu kulishwa mbele ya mzee aliyefunga. Akawa anakaa kunipa mgongo mpaka nimalize. Kuhusu haja, bado nilikuwa nabana. Sikumwambia mtu.

Kisha masika yakaingia, na ile Ijumaa.

Mvua ilianza tangu alfajiri ikakatika saa tano. Mzee alisema anakwenda kuswali Boko, msikiti wa karibu na duka lao, akachukue na dawa yake ya presha, saa nane atakuwa amerudi. Mwanaidi yuko shule. Nikamwambia nenda, Baba, mie nina kazi.

Haikupita robo saa tangu atoke, umeme ukakatika, ukarudi hapo hapo. Mashine yangu niliitegesha miaka mingi nyuma ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Ikajiwasha. Nikausubiri mshale, nikasukuma, nikaudondosha mkono wa kushoto. Badala ya kubonyeza, ikafunguka orodha ya vitu, ile inayotoka ukibonyeza kulia. Nikaudondosha tena ili ifunge. Ikafunguka nyingine. Vidole vya kulia navyo vikawa vinaangukia vitufe vilivyofufuka, madirisha yanafunguka nisiyoyajua. Namba zilikuwa zimerudi moja, mbili, tatu, na ili kuziandika upya nilihitaji kibodi ya kwenye kioo, na ili kuifungua hiyo nilihitaji moja yangu. Kipande cha boksi kilikuwa ukutani, mbele ya macho yangu. Nilikisoma mara nyingi.

Saa nane ikafika. Mvua ikaanza tena. Simu ikalia kwenye meza, sentimita thelathini kutoka kwenye mkono wangu, ikatambaa kwa mtetemo, ikanyamaza. Ikalia tena. Saa tisa Mwanaidi hakuja. Nikaanza kujua kuna maji barabarani, maana kila masika pale Boko maji hukata njia. Nikaita majirani. Mvua ya Bunju juu ya bati haimruhusu mtu kusikia.

Nilikuwa nimebana tangu asubuhi. Nikaangalia mlango wa choo. Nikaangalia saa ya ukutani. Nikahesabu vigae vya sakafu. Kuna hatua ya kubana ambayo jasho linatoka masikioni, na baada ya hapo mwili unaamua wenyewe, bila kukuuliza. Ulipoamua, haukuchagua haja moja.

Sijui nilikaa vile muda gani. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Nassor, kanzu imelowa mpaka magotini, viatu mkononi.

"Barabara imekatika! Nimevuka kwa miguu. Mwanaidi kakwama upande wa pili, nimemwona, hajambo…"

Harufu ilishamfikia. Akaangalia kioo kilichojaa orodha, akaangalia kiti, akaangalia sakafu.

"Baba," nikasema, "subiri Mwanaidi. Tafadhali. Mwache Mwanaidi aje."

"Aje akukute hivi?"

"Atakuja."

Akaenda kufunga mlango wa nje, ingawa hapakuwa na mtu. Akarudi na beseni la maji, sabuni na khanga mbili kuukuu, akapiga magoti na ile kanzu yake iliyolowa. Nikafumba macho.

"Kassim."

"Naam."

"Mama yake Mwanaidi nilimwosha miezi minne. Hakutaka mtoto yeyote amguse. Alikuwa ananiambia, nioshe lakini uangalie ukutani. Na wewe niangalie ukutani?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya."

Akanifungua, akaniosha, uso wake ameugeuzia ukutani. Alikuwa anapapasa tu, kitambaa kinakosea, anarudi. Katikati ya kuosha akagonga beseni maji yakamwagika, akatukana kidogo kwa Kiarabu, halafu akaomba msamaha kwa Mungu. Nilicheka na nililia, na yeye hakuona, kwa sababu alikuwa anaangalia ukuta.

Baada ya kunivisha akakaa, amechoka, akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Hii haina akili ya kukumbuka?"

"Inayo. Lakini lazima iandikiwe."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa naona haya kumwandikisha tena.

Tukaandika jioni ile ile. Faili dogo lenye mistari miwili, zile amri mbili, ila safari hii nikamtajia majina ya mausi badala ya namba, kwa kuwa namba kumi na kumi na moja zinaweza kubadilika. Kisha tukaiambia mashine ilisome faili hilo kila inapoamka. Mzee alishakuwa mwepesi. Kistari hakuniuliza tena. Alipomaliza hakuniamini, wala hakuiamini mashine. Akanyoosha mkono akazima umeme ukutani. Akahesabu mpaka kumi, akawasha. Tukangoja wote wawili tukikodolea kioo. Mshale ukaja. Nikaudondosha mkono.

Tik. Moja.

"Sasa," akasema, "ule mlango wa choo. Una upana gani?"

Sikujua kwamba alikuwa ameuona. Alikuwa ameuona tangu Januari, na midomo yangu iliyopasuka pia. Alikuwa anangoja niseme. Nikamwambia sabini. Akasema mtu anayejiita mchoraji na mlango wa sabini, astaghfirullah. Nikaanza kuuchora kesho yake, mlango wa tisini unaofungukia nje, na vyuma viwili vya kuegemea, kimoja kila upande wa sinki la choo, kwa urefu wa viwiko vyangu maana vidole nisingevitegemea. Ni mchoro mdogo kuliko yote niliyowahi kufanya, na ulinichukua siku tatu. Mzee akasahihisha mambo mawili, na alikuwa sahihi kwa yote mawili. Fundi akaja akavunja ukuta. Vumbi la siku mbili, Mwanaidi anakohoa na kulalamika, redio ya mpira juu ya yote.

Saruji ilipokauka nilijaribu mie mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, mvua zinaelekea ukingoni. Nilisukuma magurudumu kwa viganja, kiti kikapita bila kugusa upande wowote. Mwanaidi alikuwa nyuma yangu, mikono tayari. Nikamwambia abaki nje. Nilijivuta kutoka kitini kwa mabega na viwiko, vibaya, nusura nianguke, nikakaa. Kisha nikaunasa mlango kwa kamba aliyofunga fundi, nikauvuta. Ukafunga.

Dakika zikapita. Nilimsikia Mzee anauliza kitu na Mwanaidi anamwambia anyamaze.

Mwanaidi akagonga. "Kassim? Umemaliza?"

Nilikuwa nimeshamaliza zamani. "Bado," nikasema, nikaendelea kukaa.